Nani Aitwe Mwasi? Uhakiki wa Neno "Uasi" katika Biblia ya Kiswahili na katika Kumbukumbu ya Majimaji

Utangulizi

Kila mwaka, mwishoni mwa mwezi wa Februari, watu hukusanyika mjini Songea kuwakumbuka waliopigana katika Vita vya Majimaji, na hasa wale walionyongwa na serikali ya Kijerumani tarehe 27 Februari 1906. Kumbukumbu hiyo si ya Songea mjini peke yake. Madaba, upande wa kaskazini, katika barabara kuu iendayo Njombe na Makambako, ipo mpakani pa historia mbili: ya Wangoni wa Mshope waliopokea maji na kupigana chini ya Nkosi Chabruma, na ya Wabena ambao katika nchi yao wamisioni wa Kilutheri wa Berlin walikuwa wamekwisha kujenga vituo. Katika usharika wa eneo kama hili, wajukuu na vitukuu wa pande hizo zote huketi benchi moja na kunywea kikombe kimoja.

Mchungaji anayehubiri mbele ya washarika hao anakutana na neno moja lenye kazi mbili. Anapohubiri juu ya toba, anawaambia kwamba uasi ni jina jingine la dhambi, nao wanapaswa kuuacha. Anapofika kwenye historia, anakuta kwamba babu zao wameandikwa kuwa waasi. Tena anapofungua Waraka kwa Warumi, sura ya 13, anakuta neno lile lile likitumika kwa mtu apingaye mamlaka. Msikilizaji hana lawama akiunganisha mambo hayo matatu na kukata shauri kwamba wale walionyongwa walikufa katika dhambi ambayo Mtume aliitaja kwa jina.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba muungano huo hauna msingi katika Maandiko. Biblia katika lugha zake za asili haitumii neno moja kwa mambo hayo yote. Tafsiri yetu ndiyo iliyoyaweka chini ya neno moja, na waandishi wa historia wakaendelea pale pale. Lakini makala haya hayakusudii kulifuta neno "uasi" wala kuwafanya wapiganaji wa Majimaji watakatifu. Neno hili ni la thamani kubwa katika mahubiri ya Sheria, na kwa sababu hiyo halifai kutumika ovyo.

Asili ya neno

Kitenzi "kuasi" kimetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kutotii. Katika Kurani kitenzi hicho hutumika juu ya Adamu mwenyewe, alipoivunja amri ya Mola wake. Nomino ya Kiarabu inayotokana na mzizi huo humaanisha tendo la kutomtii Mungu, yaani dhambi, na wingi wake ndio uliotupatia neno "maasi". Kwa hiyo, kabla neno hili halijafika katika vitabu vya serikali, lilikuwa neno la dini. Mswahili wa pwani aliposema "maasi" alikuwa akizungumza kwanza juu ya mambo ya mwanadamu na Mungu wake.

Toka hapo neno lilipanuka kwa njia inayoeleweka. Mtoto asiyewatii wazazi huitwa mwana mwasi. Mtu aiachaye imani yake husemwa kuwa ameasi dini. Askari wakikataa amri ya wakubwa wao, huitwa waasi. Katika matumizi hayo yote kuna jambo moja lisilobadilika: aliyeasi ni mdogo, na aliyeasiwa ni mkubwa mwenye haki ya kutiiwa. Huwezi kusema kwa Kiswahili kwamba baba amemwasi mwanawe, au kwamba Mungu amewaasi watu wake. Neno lenyewe limekwisha kutoa hukumu kabla ya shahidi wa kwanza kusikilizwa. Ndiyo maana yeyote alitumiaye anapaswa kujiuliza: je, haki ya kutiiwa imethibitishwa, au neno limeipitisha bila kuulizwa?

Wala Kiswahili hakikosi maneno mengine. Tunayo "kupinga", "kugoma", "kukaidi", "kuinuka", "fitina", "ghasia", "machafuko", "uhaini", "vita" na "mapinduzi". Kila moja lina uzito wake. Mwaka 1964 unatupa mfano ulio wazi. Tarehe 12 Januari serikali ya Sultani wa Zanzibar iliangushwa kwa silaha, na tukio hilo likaitwa Mapinduzi. Siku nane tu baadaye, tarehe 20 Januari, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliwakamata maofisa wao Waingereza wakidai mishahara na vyeo. Tukio hilo likaitwa maasi. Silaha zilitumika kotekote, na amri zilivunjwa kotekote. Tofauti ya majina ilitokana na hukumu juu ya mamlaka iliyopingwa: upande mmoja ilionekana haistahili kutiiwa, upande wa pili ilionekana inastahili. Basi jina haliwi maelezo tu ya tendo. Ni uamuzi juu ya yule aliyetendewa.

Agano la Kale: maneno matatu na mifano minne

Kiebrania kina maneno kadhaa ambayo Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 imeyatafsiri mara nyingi kwa "kuasi" au "uasi". Matatu yatutosha. La kwanza ni "pasha", kuvunja uhusiano na yule uliyefungamana naye. Ndilo analolitumia Isaya katika sura ya kwanza, Bwana anapowalalamikia wana aliowalea. La pili ni "mara", kuwa mkaidi. Ndilo la ukaidi wa Israeli jangwani. La tatu ni "marad", ambalo zaidi kuliko mengine ni neno la siasa: kuacha kumtumikia mfalme uliyekuwa chini yake.

Sasa tuangalie "marad" linavyotumika. Katika 2 Wafalme 18:7 tunasoma juu ya Hezekia kwamba Bwana alikuwa pamoja naye, akafanikiwa kila alikokwenda, naye akamwasi mfalme wa Ashuru. Mambo hayo yamo katika mstari mmoja. Mwandishi haoni mgongano wowote. Kule kumwasi Mwashuru kumewekwa katika orodha ya mambo mema ya mfalme huyu. Lakini katika 2 Wafalme 24:20 Sedekia naye anamwasi mfalme wa Babeli, kwa kitenzi kile kile, naye analaumiwa. Ezekieli 17 inaeleza sababu: Sedekia alikuwa ameapa, na 2 Mambo ya Nyakati 36:13 inaongeza kwamba kiapo kile kilikuwa kwa jina la Mungu. Kosa lake lilikuwa kulidharau jina alilolitaja. Yafaa tukiri kwamba kiapo hicho kilitolewa chini ya nguvu za Nebukadreza, na bado nabii alikihesabu. Kwa hiyo Maandiko hayatupi kanuni nyepesi ya kwamba kila apingaye mfalme wa kigeni ni shujaa. Yanatutaka tuulize juu ya agano, juu ya kiapo, na juu ya jina la Mungu, kila kesi kwa nafasi yake.

Mfano wa tatu ni Ezra 4. Adui za Yuda wanamwandikia mfalme Artashasta barua, wakidai kwamba Yerusalemu ni mji mwasi tangu zamani, na kumwomba atafute katika kitabu cha kumbukumbu. Mfalme akatafuta, akaona kuwa ni kweli, akaizuia kazi. Hapa neno "mwasi" ni silaha ya barua za serikali. Nalo si uongo mtupu, kwa maana Yerusalemu uliwahi kweli kuwapinga wafalme. Hata hivyo msomaji wa Ezra anajua kwamba watu wale walikuwa wakijenga nyumba ya Bwana. Kumbukumbu za mtawala zaweza kusema kweli juu ya tendo huku zikikosea kabisa juu ya maana yake. Mwanafunzi wa historia ya Kanisa anayesoma maandishi ya boma la Kijerumani afanye vyema kuisoma sura hii kwanza.

Mfano wa nne ni 1 Samweli 15:23, ambapo kuasi kunalinganishwa na dhambi ambayo Union Version inaiita uchawi. Mstari huu ni hatari mikononi mwa mhubiri asiyeangalia, hasa mahali ambapo vita vinavyokumbukwa vilianza na dawa ya mganga. Ni rahisi mno kusema: Majimaji ilikuwa uasi, tena ilikuwa uganga, na Samweli ameyahukumu yote mawili. Lakini neno la Kiebrania "qesem" ni kupiga ramli, kutafuta neno kwa njia isiyo ya Mungu, wala si uchawi wa kuua watu. Na la muhimu zaidi: Samweli hasemi na raia. Anasema na mfalme Sauli. Aliyeasi katika sura hii ni mtawala, naye amemwasi Mungu aliyempa utawala. Anayeutumia mstari huu kuwahukumu watawaliwa ameugeuza kichwa chini miguu juu.

Agano Jipya: Warumi 13 na neno lililoingizwa

Katika Agano Jipya Union Version inatumia "uasi" na "maasi" kwa neno la Kigiriki "anomia", kuishi bila sheria ya Mungu. Hivyo ndivyo ilivyo katika 1 Yohana 3:4, mahali ambapo Mtume anaieleza dhambi yenyewe, na katika Mathayo 24:12, Bwana anaposema juu ya upendo kupoa. Tafsiri hiyo ni nzuri, na inalirudisha neno katika maana yake ya kwanza, ya mbele za Mungu. Ajabu ni kwamba "apostasia" katika 2 Wathesalonike 2:3 imetafsiriwa "ukengeufu", na "stasis", ambayo ni ghasia halisi ya kisiasa yenye mauaji, ile ya Baraba katika Luka 23:19, imetafsiriwa "fitina". Kwa hiyo mahali ambapo Kigiriki kinazungumza waziwazi juu ya watu kuinuka mjini, watafsiri hawakutumia "uasi".

Wamelitumia wapi basi? Katika Warumi 13:2. Hapo anayepingana na mamlaka ameitwa amwasiye. Kigiriki kina "antitassomenos". Neno hili limeundwa kwa kitenzi "tasso", kupanga, kama askari wapangwavyo katika safu zao. Pamoja na kiambishi chake lina maana ya kujipanga kinyume. Ndani yake hamna "anomia", wala "apostasia", wala neno lolote la dhambi mbele za Mungu.

Ushahidi ulio bora tunaupata katika Yakobo 4:6. Hapo kitenzi hicho hicho kinatumika, na mtendaji wake ni Mungu, anayejipanga kinyume cha wenye kiburi. Watafsiri walifanya nini? Waliandika kwamba Mungu "huwapinga". Hawangeweza kuandika kwamba Mungu huwaasi, maana Kiswahili kinakataa. Lakini kama "kupinga" kulifaa katika Yakobo, kungefaa pia katika Warumi. Vilevile kitenzi cha pili cha Warumi 13:2, kilichotafsiriwa "kushindana", ndicho Paulo anachokitumia katika Wagalatia 2:11 kueleza alivyosimama kinyume cha Kefa uso kwa uso kule Antiokia, na ndicho Yakobo 4:7 inachokitumia kwa kumpinga Shetani. Kumbe kupinga si dhambi kwa jina lake. Kunakuwa dhambi au utii kwa kutegemea nani anapingwa na kwa sababu gani.

Wapo watakaojibu kwamba katika Kiswahili cha kila siku "kuasi" ni kutotii tu, na kwamba watafsiri hawakukusudia zaidi ya hapo. Jibu hilo lina haki yake. Lakini msomaji wa Biblia hasomi mstari mmoja. Anasoma katika Isaya kwamba Israeli wamemwasi Bwana, anasoma katika Yohana kwamba dhambi na uasi ni jambo moja, kisha anafika Warumi 13 akiwa na maana hizo moyoni. Neno moja linaijaza mistari yote rangi moja. Karl Roehl, ambaye Biblia yake ilitoka mwaka 1937 na kutumiwa na Walutheri wengi wa Tanganyika, alijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Wengi wamemlaumu kwa kuzidisha, na lawama hiyo si bure. Hata hivyo hofu yake ilikuwa ya kweli kwa sehemu: neno la dini likija na historia yake, huja na hukumu zake pia.

Tena kuna hasara nyingine. Katika Warumi 13:1-2 Paulo anacheza na mzizi mmoja mara nne: kujipanga chini ya mamlaka, mamlaka zilizopangwa na Mungu, kujipanga kinyume, na mpango wa Mungu. Union Version imegawa mzizi huo katika maneno manne yasiyo na undugu: kutii, kuamriwa, kuasi, agizo. Tukiurudisha undugu ule, sura inasikika vingine. Mamlaka nayo ni kitu kilichopangwa. Haikujipanga yenyewe, ina mahali pake katika safu, nayo inaitwa mtumishi katika mstari wa 4. Basi mtumishi aweza naye kutoka katika safu. Neno "kuasi" linamwonya raia peke yake. Neno "kupanga" linawaonya wote wawili.

Majimaji: historia ya jina

Vita vilianza Julai 1905 huko Nandete, Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yalikuwa yameahidi kwamba risasi hazitadhuru. Kabla ya mwaka kwisha, moto ulikuwa umefika Ungoni na Ubena. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini na wenzake waliuawa wakiwa safarini. Mwezi Septemba misioni ya Peramiho ilichomwa, na tarehe 19 ya mwezi huo Wabena wakaishambulia misioni ya Kilutheri ya Yakobi, ambayo mmisionari Gröschel na watu aliokuwa nao waliilinda. Kisha likaja jibu la serikali: vijiji kuchomwa, ghala kuteketezwa, mashamba kuharibiwa, kwa kuwa maofisa walikwisha kuamua kwamba njaa ndiyo itakayowashinda watu. Hesabu ya Kijerumani ilitaja waliokufa 75,000. Mwanahistoria G. C. K. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi.

Gavana wa wakati ule, Graf von Götzen, alichapisha kitabu mwaka 1909, na katika jina lake aliweka neno "Aufstand". Kwa asili Kijerumani hicho kina maana ya kusimama, kuinuka. Hakina uzito wote wa dhambi ulio katika "uasi". Luther mwenyewe, alipotafsiri Warumi 13:2, alitumia neno la kujiweka kinyume, wala si neno la dhambi. Waandishi wa Kiingereza walitumia neno la karibu zaidi na "uasi" letu. Ndilo lililo katika makala mashuhuri ya John Iliffe ya mwaka 1967. Mwaka uliofuata Gwassa na Iliffe walitoa mkusanyo wa kumbukumbu wakalibadilisha: wakatumia neno lenye maana ya kuinuka. Gwassa katika tasnifu yake ya mwaka 1973 akaandika "vita". Kiswahili kilikuwa kimekwisha kutangulia. Utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini, ulipochapishwa Ujerumani mwaka 1933, jina lake la Kijerumani lilibeba "Aufstand". Ulipochapishwa Afrika Mashariki mwaka 1957, uliitwa utenzi wa vita. Shairi ni moja, matukio ni yale yale, na jina likabadilika kwa kufuata aliyelisoma.

Tusidhani lakini kwamba kila atumiaye neno la uasi ni wakili wa mkoloni. Julius Nyerere, alipohutubia Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa mjini New York mwezi Desemba 1956, alilitumia kwa Kiingereza neno lenye maana ya uasi, akaliongezea sifa ya ukubwa. Alilichukua neno la mshitaki akalivaa kama heshima, akasema kwamba watu wale waliitikia wito wa rohoni uliowataka wakatae kutawaliwa na wageni. Yeye aliweza kufanya hivyo kwa kuwa alikuwa akinena na wanasiasa. Mchungaji katika mimbari hana uhuru huo. Hawezi Jumapili moja kuusifu uasi, na Jumapili ya pili kuwaita watu watubu uasi, akatumaini kwamba wataelewa tofauti wenyewe.

Kosa la upande wa pili

Kwa sababu hiyo wengi wameona heri kuliacha neno "waasi" na kusema "mashujaa" tu. Serikali imefanya hivyo, na Makumbusho ya Majimaji yaliyofunguliwa Songea mwaka 1980 yanafundisha hivyo. Kwa Taifa jambo hili ni halali. Lakini Kanisa halimalizi kazi yake kwa kubadilisha bango.

Kwanza, "mashujaa" huficha kwamba watu wale nao walikuwa na wenyewe waliowaumiza. Wangoni waliingia nchi hii katika karne ya 19 kwa mkuki, wakawatawala waliowakuta, na Wabena waliyaonja mashambulizi yao miaka mingi kabla Wajerumani hawajajenga boma Songea mwaka 1897. Mjukuu wa aliyetekwa ana haki ya kuuliza ni nani aliyewahi kumpa Nkosi haki ya kutiiwa. Pili, waliouawa njiani pamoja na Askofu Spiss hawakuwa na bunduki ya serikali mikononi. Tatu, maji yaliahidi kile ambacho Mungu hakukisema, na watu wakaziendea risasi kwa neno hilo. Mambo hayo yana jina mbele za Mungu, na jina hilo laweza kuwa uasi. Lakini ni uasi ule wa 1 Yohana 3:4, ambao ndani yake wamo pia gavana aliyeamuru njaa, na ofisa aliyetia sahihi hukumu, na mmisionari aliyeona na kunyamaza.

Hapa ndipo neno linapopata heshima yake. Likitumika kwa upande mmoja, ni silaha. Likitumika mbele za Mungu kwa wote, ni Sheria inayotufukuza kwa Kristo.

Jambo moja la Songea laonyesha hili kuliko hoja zote. Wabenediktini waliwabatiza baadhi ya waliohukumiwa kabla ya kunyongwa. Watu wale walikwenda kwenye kamba wakiwa wamesamehewa uasi wao wote na Mungu, huku karatasi ya serikali ikiwaita waasi. Wakazikwa, wengi wao katika kaburi moja. Je, Kanisa lililowaosha kwa maji ya uzima laweza kuendelea kuwaita kwa jina walilopewa na mnyongaji? Kama tunaamini tunachokifundisha juu ya Ubatizo, jibu liko wazi.

Luther na urithi wetu

Sisi Walutheri hatuwezi kulizungumza neno hili kama watazamaji. Luther aliandika mwaka 1522 kuwaonya Wakristo wote wajihadhari na uasi. Mwezi Aprili 1525 aliwaandikia wakulima wa Ujerumani na watawala wao, na alianza na watawala, akiwaambia kwamba wao ndio waliosababisha hasira ya Mungu kwa kuwanyonya maskini. Lakini mwezi Mei akaandika kijitabu kikali dhidi ya makundi ya wakulima, akiwataka watawala wawapige bila huruma. Tarehe 15 Mei wakulima wa Thomas Müntzer walichinjwa huko Frankenhausen. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba wakulima hadi 100,000 walikufa katika vita vile. Mwezi Julai Luther alilazimika kuandika tena kukitetea kijitabu chake.

Ni kijitabu cha Mei kilichokumbukwa, na cha Aprili kikasahauliwa. Hilo ndilo pigo la neno "uasi": likishatamkwa, maneno yaliyotangulia juu ya mtawala hayasikiki tena. Lakini Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 16, halikusahau. Linafundisha kuzitii mamlaka na sheria zake, ila zinapoamuru dhambi, na linashikilia neno la Mitume katika Matendo 5:29. Mpaka huo ni sehemu ya ungamo letu. Hatukuukopa kutoka kwa wanasiasa.

Hitimisho

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akasimama mbele ya wazao wa Nduna Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zao. Serikali iliyoandika neno "waasi" ilikuja kuomba radhi kwa walioandikwa. Ingekuwa aibu kama neno lililoachwa na boma lingehifadhiwa na mimbari.

Kwa hiyo tunatoa mashauri matatu kwa wachungaji na wanafunzi wa theolojia. La kwanza, tunapohubiri Warumi 13:2, tuwaeleze washarika kwamba Mtume anazungumza juu ya kupinga, kujipanga kinyume cha mpango wa Mungu, na tuwasomee Yakobo 4:6 pamoja nao. Watakaorekebisha tafsiri siku zijazo waone vyema kuandika "apingaye". La pili, tunapotaja mambo ya 1905 hadi 1907, tuseme "Vita vya Majimaji", jina ambalo Kiswahili chenyewe kimelichagua. La tatu, tulihifadhi neno "uasi" kwa ajili ya toba, na tulitumie kwa kila mtu, sisi wenyewe tukiwa wa kwanza.

Yoshua 22 inatupa kielelezo cha kufuata. Makabila ya ng'ambo ya Yordani walijenga madhabahu, na ndugu zao wakakusanyika Shilo kupigana nao, wakiwashitaki kwa neno lile lile "marad". Lakini kabla ya kuchomoa upanga walimtuma Finehasi kuhani pamoja na wakuu kumi waende wakaulize. Wakauliza, wakasikiliza, wakagundua kwamba kilichoitwa uasi kilikuwa ushahidi wa imani, na vita havikuwapo. Kuhani ndiye aliyekwenda kuuliza. Katika sharika za Madaba, kama katika sharika nyingine zote ambamo wazao wa pande mbili hukutana mezani pa Bwana, kazi hiyo bado ni ya mchungaji.